Karani wa Mvua

Saa tatu kamili asubuhi, kila siku,
navuka waya wa miba, nainamia kopo la kupimia,
nasoma mvua ya Kongwa kama mtu asomaye barua
ambayo mara nyingi haikuandikwa.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Huku mvua ina msimu mmoja, na huo nao una kiburi:
Desemba hadi Aprili, ikipenda.
Miezi iliyobaki ni ya upepo wa mashariki,
Julai inayouma vidole alfajiri,
Oktoba na kisulisuli chake kinachozunguka uwandani
kama mlevi anayetafuta kofia.

Nyasi nazo ninazipima.
Nina fremu ya nondo, mita moja kwa mita moja.
Naitupa kinyumenyume, bila kutazama,
na ilipoangukia nakata kila kilichomo, natia mfukoni, napeleka mizanini.
Mwaka wa neema, gramu mia tatu.
Mwaka huu konzi ya makapi, mbigili,
kinyesi cha digidigi,
na mchwa walionitangulia kuvuna,
kila mmoja na kipande cha bua mdomoni.

Usidanganyike na kilicho juu.
Siku moja nilichukua sururu, nikaufuata mzizi mmoja
hadi bega langu likazama shimoni, na mzizi bado unashuka.
Nyasi makazi yao ni huko chini.
Huku juu huja kutembea tu.

Babu yangu Mhembano alikuwapo
walipokuja na matingatinga kung'oa vichaka,
kupanda karanga hadi upeo wa macho.
Jua likaichoma ardhi ikawa sakafu; karanga zikagoma kutoka.
Wenyewe wakaondoka, wakaacha vyuma.
Nyasi zikarudi bila kuitisha mkutano,
zikaota hata ndani ya pete za minyororo.

Kuna ndege huku aitwaye karani:
kalamu nyuma ya sikio, kaptura nyeusi inayoishia magotini.
Anapiga hatua za ofisini,
anamkanyaga nyoka kama mtu agongaye mhuri.
Tukikutana hatusalimiani.
Kila mtu na daftari lake.

Januari ile, siku ya arobaini na moja ya sifuri,
kwelea wameshahama, hakuna wa kumfukuza shambani,
ng'ombe wa Chedego wanalamba ukuta wa josho,
nilikuta milimita tatu koponi.
Mbingu kavu kama kigae.
Nikainusa ile mvua. Ilikuwa vuguvugu.
Na chini kabisa, jani moja la chai.

Sechelela, auzaye chapati karibu na geti,
alikuwa anafagia mahali pasipo na taka.
"Nilidhani," akasema, macho kwenye ufagio,
"labda huwa inasubiri mtu aanze."

Mjini wanataka tarakimu.
Safu ya mvua ni nyembamba,
haimtoshi mwanamke na birika lake.
Nikaandika sifuri.
Kisha kalamu ikasitasita kwenye safu ya mwisho, ile ya Maelezo,
niliyoiacha tupu miaka kumi na tisa.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya arobaini na sita, usiku, kwa fujo,
ikapiga mabati kama inadai deni:
milimita ishirini na nane.
Asubuhi kumbikumbi walimiminika, kuku wakashiba hadi wakashindwa kukimbia.
Siku ya tano ncha za kijani zikatoboa ardhi,
nyembamba kuliko sindano ya kushonea,
na karani mwenzangu akapita katikati yake
akiinua miguu juu, kama aliyevaa viatu vya kuazima.

Chedego alinisimamisha njiani, akauliza ni lini patakuwa malisho.
Nikamwambia wiki tatu, asiwafungulie mapema.
Aliwafungulia kesho yake.

Daftari lipo, ukitaka kuliona.
Januari, mstari wa kumi na saba.
Mvua: sifuri.
Maelezo: jani moja la chai.